Si Mchanga, Bali Maabara

Mtu anayepita chelezoni wakati meli ya chuma imepandishwa kwa matengenezo huona vipande vya zinki vilivyofungwa ubavuni mwa chombo, chini ya usawa wa maji. Vilipofungwa vilikuwa vizima na laini. Vinapofunguliwa vimejaa mashimo, mithili ya ubao ulioingiwa na bungua. Chuma cha meli kimepona kwa sababu zinki imeliwa badala yake. Hapana mtu wa visiwani asiyejua kuwa bahari hula chuma; wachache zaidi wanajua kwamba ulaji huo ni kazi ya umeme, na kwamba pale mkondo wa umeme unapotoka katika metali na kuingia majini, metali nayo huondoka, chembe baada ya chembe.

Leo tunataka kuzungumzia ulaji wa namna hiyo hiyo, lakini unaofanywa kwa kukusudia, ndani ya chombo kisichozidi bakuli la uji, na unaofanywa juu ya silikoni, kitu ambacho ndicho roho ya simu, redio, kompyuta na bamba za umeme wa jua zilizo juu ya mapaa yetu. Wataalamu huitumbukiza silikoni katika asidi, wakapitisha umeme, na kutoka humo hupata silikoni yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida. Huenda msomaji akauliza habari hiyo inamhusu nini mkaazi wa Makunduchi au Micheweni. Inamhusu, na tutaeleza kwa nini.

Katika mabaraza yetu, na wakati mwingine hata katika vikao vya watu wazima wenye dhamana, yamekuwa yakisikika maneno kwamba silikoni hutokana na mchanga, na kwa kuwa visiwa vimezungukwa na mchanga, basi tumekalia utajiri bila ya kujua. Maneno haya ni matamu, na ubaya wake ni kuwa nusu yake ni kweli. Silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa gamba la dunia. Hakuna nchi isiyokuwa nayo. Lakini mchanga mweupe wa Paje, Jambiani na Bwejuu, ambao wageni huupiga picha, si wa silikoni. Ni chokaa itokanayo na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Anayetaka ushahidi autie siki kali aone unavyotoa povu. Mchanga wa kwatzi, ambao ndio wenye silikoni, hautoi povu hata ukikesha. Tena hata kwa mchanga tulionao wenye kwatzi, sote tunajua hali ilivyo: umechimbwa kwa ujenzi hadi Serikali ikalazimika kuudhibiti, na mashimo yaliyoachwa katika mashamba bado yapo.

Tuseme hata tungekuwa na milima ya kwatzi safi. Ili kupata silikoni, jiwe hilo huyeyushwa pamoja na makaa katika tanuri la umeme lenye joto la karibu nyuzi 2,000. Kinachotoka bado ni kichafu kwa kazi za elektroniki. Hugeuzwa kuwa gesi, ikachujwa, ikarudishwa kuwa silikoni safi kiasi kwamba katika chembe bilioni moja ni vigumu kuikuta chembe moja ya kigeni. Kisha huvutwa polepole kutoka katika uji wake wa moto ili iwe fuwele moja kubwa, kwa njia aliyoigundua Jan Czochralski wa Poland mwaka 1916, na hatimaye hukatwa visahani vyembamba. Kila hatua inaongeza bei, na hakuna hata hatua moja ambayo bei yake inatokana na mchanga. Inatokana na watu waliojua la kufanya. Basi anayeuza mchanga akidhani anauza silikoni ni sawa na anayeuza udongo wa mfinyanzi akidhani anauza vyungu.

Turudi kwenye bakuli letu. Katika miaka ya 1950, katika maabara za Bell huko Marekani, ambako transista ilikuwa imevumbuliwa mwishoni mwa mwaka 1947, Arthur Uhlir na mkewe Ingeborg Uhlir walikuwa wakitafuta njia ya kulainisha na kuchonga vipande vya silikoni na jermani kwa kutumia umeme na asidi badala ya msasa. Walitaka uso unaong'aa kama kioo. Lakini mkondo wa umeme ulipokuwa mdogo, badala ya kung'aa, silikoni ilijitanda utando wenye rangi rangi usiopendeza. Kwa kazi waliyotumwa, utando huo ulikuwa ni kasoro. Uhlir alieleza jambo hilo katika makala aliyoichapisha mwaka 1956, na kazi ikaendelea. Kwa muda mrefu waliofuatia walidhani utando ule ni aina ya kutu ya silikoni. Haukutambulikana mara moja kuwa ni silikoni yenyewe, ila imetobolewa.

Namna inavyotobolewa inastahiki kuelezwa taratibu, kwa kuwa humo ndimo ulimo ufundi. Kisahani cha silikoni huunganishwa na upande chanya wa umeme, na waya wa platinamu ukaunganishwa na upande hasi. Baina yao huwekwa asidi ya haidrofloriki, ambayo aghalabu huchanganywa na pombe safi ya maabara ili mapovu ya haidrojeni yasigande juu ya silikoni na ili maji ya asidi yapenye vitunduni. Chombo chenyewe hufanywa kwa plastiki ngumu kama tefloni, si kwa bilauri, kwani asidi hii hula kioo. Mkondo unaohitajika kwa kipande cha sentimita moja ya mraba ni makumi ya miliampea, chini kabisa ya ule unaochaji simu ya mkononi. Dakika chache hutosha.

Silikoni ni nusu-kipitishi. Ili chembe yake itoke na kwenda zake na florini, sharti pawepo na upungufu wa elektroni mahali hapo juu ya uso. Wanafizikia huuita upungufu huo pengo. Mapengo hayo husukumwa na umeme kutoka ndani ya kisahani kuelekea nje, nayo hufika kwanza kwenye ncha ya shimo, kwa kuwa hapo ndipo penye njia fupi na msukumo mkali. Kwa hiyo shimo likishaanza huzidi kwenda chini, ilhali kuta zake zinasalimika kwa kukosa mapengo. Mkondo ukizidishwa kupita kiasi, hali hugeuka: asidi haiwahi kuyafikia mapengo yote, uso mzima huliwa sawasawa, na ndipo ule mng'ao waliokuwa wakiutafuta akina Uhlir hupatikana. Baina ya kutoboa na kung'arisha hapana tofauti ya chombo wala ya asidi. Tofauti ni kiasi cha mkondo.

Kinachobaki kinafanana na kibibi kilichotoka chunguni: kwa juu ni bapa, lakini ndani ni matundu matupu. Vitundu vingine huwa chini ya nanomita 2, yaani sehemu mbili za milioni moja za milimita, na vingine huzidi nanomita 50, kwa kutegemea aina ya silikoni, nguvu ya asidi na mkondo. Ukizikunjua kuta zote zilizomo katika sentimita moja ya ujazo, eneo lake ni mamia ya mita za mraba. Kipande cha ukubwa wa dole gumba kina ndani yake uwanja unaoshinda sakafu ya nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe.

Baada ya 1956 mambo yakakaa. Walikuwepo waliolishughulikia jambo hilo kule Marekani na Japani, kwa faida fulani katika kazi za saketi, lakini dunia haikushtuka. Mwaka 1990 Leigh Canham, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa mawasiliano na rada ya Serikali ya Uingereza pale Malvern, alitangaza kwamba silikoni iliyotobolewa sana, kiasi cha kubakisha nyuzi nyembamba za nanomita chache, hutoa mwanga mwekundu inapoangaziwa, mwanga ambao mtu huuona kwa macho yake katika joto la kawaida la chumba. Mwaka uliofuata Volker Lehmann na Ulrich Gösele nao wakaeleza, kwa njia yao, kwamba katika nyuzi nyembamba kiasi hicho kanuni za kwanta zinabadilisha tabia ya elektroni. Silikoni nzima ni bubu kwa mwanga. Hata ikipewa nguvu huigeuza zaidi kuwa joto. Ile iliyobanwa katika nyuzi inasema.

Hapo ndipo dunia iliposhtuka. Mamia ya maabara yakaingia katika kazi hiyo, na sababu moja kubwa, inayotugusa sisi, ni kwamba haikuhitaji mashine za mamilioni. Palihitajika kisahani cha silikoni, asidi, chombo cha plastiki, chanzo cha umeme kinachodhibitika, na mtu mwenye subira. Nchi zisizokuwa na viwanda vya elektroniki ziliweza kushiriki katika mjadala mmoja na nchi zilizokuwa navyo.

Uadilifu unatutaka tuseme pia yale yasiyotimia. Katika miaka ya 1990 ilitangazwa kwa mbwembwe kwamba kompyuta za mwanga zimekaribia. Hazikuja kwa njia hiyo. Mwanga wa silikoni yenye vitundu ulipochochewa kwa umeme ulikuwa hafifu na haukudumu, kwani uso wake hubadilika ukikutana na hewa. Taa nyeupe za LED tunazowasha majumbani zilitokana na kitu kingine, galiamu naitraidi, ambacho kiliwapatia Akasaki, Amano na Nakamura wa Japani Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014. Walioweka matumaini yao yote katika mwanga walivunjika moyo.

Lakini vitundu vyenyewe vilipata kazi nyingine. Mwaka 1995 Canham huyo huyo alionesha kwamba silikoni hii ikiwekwa katika maji yaliyotengenezwa mfano wa maji ya mwili huota juu yake madini yaliyomo katika mifupa, na kwamba aina nyingine ya vitundu huyeyuka taratibu na kuwa asidi ya siliki isiyodhuru, ambayo mwili huitoa kwa mkojo. Tangu hapo watafiti wakaanza kufikiria kuijaza dawa ili iachie kidogo kidogo. Huko California, Michael Sailor na wenzake wametumia rangi zake: ukipandisha na kushusha mkondo wakati wa kutoboa, unapata tabaka juu ya tabaka, na kipande kinatoa rangi kama zile za mafuta yaliyomwagika bandarini. Mvuke au protini ikiingia vitunduni, rangi inahama, na kuhama huko kunapimika. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani imetumia vitundu hivyo katika kutengeneza vipimo vidogo vya kanieneo. Yote haya yametoka katika utando ule ule uliohesabiwa kuwa kasoro.

Sisi tuliopita vyuoni kabla ya kwenda skuli tunakumbuka kuwa mwalimu hakusamehe nukta. Nukta moja chini ni herufi hii, nukta mbili juu ni herufi ile, na neno likishageuka maana imepotea; ubao ulirudishwa ukaandikwa upya. Nilipoanza kusoma habari za silikoni hii nilimkumbuka mwalimu yule, kwani mtafiti aliyeandika "mkondo mdogo" bila ya tarakimu hajaandika kitu. Uhlir aliandika kasoro yake kwa ukamilifu, ndiyo maana wengine waliweza kuirudia. Laiti angaliyatupa maji na kusafisha bakuli kwa kuwa matokeo hayakumpendeza, ni nani angalimlaumu?

Je, sisi tuna mahali ambapo kijana anaweza kuona kasoro na kuiandika? Mwandishi wa makala haya, katika ziara za Chama, aliingia katika skuli moja ambayo jengo lake la maabara lilikuwa zuri kwa kila hali: vigae, mabomba, kibao cha ufunguzi chenye jina la kiongozi. Makabati yalikuwa yamefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu aliyehamishwa. Ulipopatikana mwingine, ndani mlikuwa na chupa zisizo na majina, mizani iliyokatika mkono, na vifaa vya umeme ambavyo havijatolewa katika maboksi yake, kwa sababu aliyevinunua hakununua nyaya. Kidato cha tatu walikuwa wakisoma sura ya elektrolisisi kutoka ubaoni. Niliwauliza ni upande gani wa umeme ambao metali huliwa. Wakajibu kwa pamoja na kwa sauti kubwa, na walijibu sawa. Niliwauliza nani amewahi kuona. Walinyamaza, kisha mmoja akasema babu yake ni fundi wa boti na yeye ameiona zinki.

Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 wengi wetu tuliuelewa kuwa ni jembe na bustani ya skuli. Jembe lilikuwa sahihi. Lakini kujitegemea katika zama za silikoni ni kuwa na watu wanaoweza kushika kifaa, kukipima na kukitengeneza, na mambo hayo hayafundishiki kwa chaki. Ujenzi wa majengo unastahiki pongezi, na hapana asiyeuona. Tunachosema ni kwamba jengo huonekana na kila apitaye barabarani, ilhali chupa ya asidi iliyopungua na waya uliokatika huonekana na mwalimu peke yake. Na bajeti zetu zimekuwa zikifuata macho ya wapita njia.

Wapo watakaokimbilia kusema: basi tuletewe silikoni na asidi yake skuli. Hasha. Asidi ya haidrofloriki si kitu cha kuchezea. Ikimgusa mtu, mara nyingi haiumi mara ile; hupenya ngozi kimya kimya, ikaenda kushika kalisi ya mwilini mpaka mifupani, na maumivu hufika baada ya saa kadhaa, wakati madhara yamekwishatendeka. Eneo linalotosha kufunikwa kwa kiganja linaweza kuuponza moyo wenyewe. Anayefanya nayo kazi sharti awe na glavu na ngao ya uso, awe na mwenzake chumbani, awe na maji mengi karibu na malhamu ya kalisi glukoneti mkononi, na hospitali iwe imearifiwa mapema. Mahali pa kazi hiyo ni chuo kikuu, chini ya mtaalamu aliyefunzwa. Kama Chuo Kikuu cha Taifa kule Tunguu kitaamua siku moja kuianza, kwa mfano kutafuta kipimo cha uchafu katika maji ya visima au ya bahari, kianze kwa kumfunza mtunza maabara kabla ya kuagiza asidi. Uchumi wa buluu tunaouhubiri utahitaji vipimo vya namna hiyo, na kila kipimo tukinunuacha nje huja na fundi wake wa nje.

Skulini iko njia nyingine, tena iko mbele ya macho yetu. Fremu nyingi za madirisha ya alumini yanayofungwa katika nyumba mpya, hasa zile za rangi ya shaba na nyeusi, zimepitia kazi ya ukoo huo huo. Alumini huunganishwa na upande chanya ndani ya asidi ya salfuri iliyozimuliwa, ukapitishwa umeme wa volti 12 au zaidi kidogo, na juu yake huota utando mgumu wenye vitundu vya nanomita. Mwaka 1995 Masuda na Fukuda wa Japani walionesha kuwa vitundu hivyo, kwa uangalifu, hujipanga kama sega la nyuki. Mwanafunzi hana hadubini ya kuviona, lakini akikitia kipande chake katika rangi ya kutilia nguo, kisha akakichemsha katika maji safi, rangi hubaki na haitoki kwa kusugua. Kipande kisichopitishiwa umeme hakishiki rangi. Hapo ameviona vitundu kwa akili yake. Asidi ya salfuri nayo huunguza na hutaka miwani, glavu na madirisha yaliyo wazi, na mwalimu ndiye anayeizimua, asidi ndani ya maji na si maji ndani ya asidi. Lakini ni asidi ambayo kila fundi wa betri anaifahamu, na hatari yake inatawalika.

Tunaiomba Wizara inayohusika na elimu, pamoja na wale wa mipango na fedha, walitazame jambo hili kwa udogo wake, kwa sababu ni dogo. Kila skuli yenye jengo la maabara ipewe mtunza maabara mwenye mshahara na cheo, asiyehamishwa pamoja na ufunguo. Iwe na fungu la kila mwaka la vitu vinavyokwisha: asidi, nyaya, glavu, karatasi za kuchujia. Kila mwanafunzi wa sayansi awe na daftari la majaribio lisilokuwa na kurasa za kuchanwa, ambamo ataandika mkondo, muda, nguvu ya asidi na kile alichokiona, hata kama sicho alichotumwa kukitafuta. Na mkaguzi anapokuja asikague vigae, akague madaftari hayo. Chanzo cha umeme kinachodhibitika kinaweza kutengenezwa na vijana wa Taasisi ya Karume pale Mbweni kutokana na vifaa vya kompyuta zilizotupwa, nasi tukawalipa wao badala ya kuagiza.

Si lazima kusubiri mradi mkubwa wala mfadhili. Zitengwe skuli mbili kwa mwaka ujao wa fedha, moja ya Unguja na moja ya Pemba, zipewe watunza maabara, alumini, asidi na madaftari, na mwisho wa mwaka madaftari hayo yaletwe mbele ya Baraza la Wawakilishi yasomwe.